Acheni Kunitafutisha "Albamu Halisi" ya Marijani

Naandika hii kwa sababu nimechoka kuieleza kwa mdomo. Kazi yangu ni kuhamisha kanda na santuri kwenda kwenye kompyuta. Watu wananiletea mifuko ya kaseti za wazee wao, nazipiga, nazirekodi, nawarudishia faili. Siku hizi, hasa akija kijana, maelezo yanaishia palepale: "Dada, hii kanda ni ya kunakili tu, nimeileta kama mfano. Wewe nitafutie albamu yenyewe. Orijino."

Albamu ipi, mdogo wangu?

Halafu kuna huu mchezo unaozunguka kwenye simu: taja albamu kumi zilizokujenga, weka picha ya jalada, mtaje na mwenzako aendelee. Watu wazima na akili zao wanaweka "Marijani Rajab: Zuwena", picha ya mnazi na jua linazama, na pembeni mwaka wa juzijuzi tu. Marijani, mwimbaji wetu wa dansi, alifariki 1995. Hilo jalada limetengenezwa na mtu mwenye kompyuta na haraka ya kupandisha nyimbo mtandaoni, na mwaka huo ni mwaka aliopandisha yeye. Lakini ukishaliona jalada, unaamini kuna santuri mahali fulani yenye jalada hilo, na kwamba dada wa kanda anaificha.

Muziki wetu wa dansi, katika miaka yake iliyonona, kwa sehemu kubwa haukuwa muziki wa albamu. Nyimbo zilizotujenga zilitufikia kwa njia nyingine, na njia zenyewe zimeacha alama kwenye nyimbo. Ukizifuta alama hizo ukitafuta albamu ambayo haikuwepo, unafuta hata kile kilichokujenga.

Tuanze na RTD. Tangu 1965, Tanganyika Broadcasting Corporation ilipovunjwa ikawa Redio Tanzania Dar es Salaam, na kwa miaka mingi baada ya hapo, bendi ya Dar iliyotaka kurekodi ilikuwa na mlango mmoja wa maana wa kugonga. Mashairi yanapelekwa kwanza, yanapitiwa. Yakipita, bendi inapangiwa siku. Wanaingia na magitaa, tumba na tarumbeta zao, wanapiga wote kwa pamoja mbele ya makrofoni chache, na mmoja akiboronga mwishoni mnaanza upya wote. Kinachopatikana ni rili, ile tepu kubwa ya studio; inaandikwa jina la bendi na majina ya nyimbo, inapelekwa maktaba. Basi, kazi imekwisha. Mnunuzi hayumo kwenye hesabu hiyo. Wimbo umerekodiwa upigwe redioni, usindikize salamu za wasikilizaji, uwavute watu waje dansini Jumamosi. Riziki ya bendi ilikuwa mlangoni kwa ukumbi, na bendi nyingi zilikuwa za mashirika: NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, Mlimani Park iliyokuja kuwa ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam.

Sasa katika mpango huo, nani angekaa kupanga wimbo wa kwanza uwe upi na wa mwisho uwe upi? Kwa faida ya nani? Aliyepanga mfuatano alikuwa mtangazaji wa zamu, na alipanga upya kesho yake.

Njia ya pili ilikuwa Nairobi. Kiwanda cha kutengeneza santuri kilikuwa kule, kwetu hakikuwepo, kwa hiyo bendi iliyotaka kuuza santuri ilivuka mpaka au ilijipatanisha na kampuni za kule. Kilichouzwa zaidi ni santuri ndogo za mizunguko 45. Upande mmoja unabeba kama dakika nne, tano ukibana. Na wimbo wa dansi una mwendo wake: unaanza taratibu, kisa kinaelezwa, halafu unaingia kwenye chemko, magitaa yanapishana, waimbaji wanaitikia, tarumbeta zinajibu. Dakika nne utazifanyia nini hapo? Wimbo ukakatwa katikati. Sehemu ya kwanza upande A, sehemu ya pili upande B, na mwenye gramafoni ananyanyuka kugeuza. Santuri nyingi za Simba Wanyika na Les Wanyika zimekatwa hivyo. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofungwa 1977, na ukabaki umefungwa hadi 1983, hata njia hiyo ikawa ya mashaka.

Mbaraka Mwinshehe ndiye mfano ninaoutumia dirishani, kwa sababu yeye ana santuri kubwa, zile za mizunguko 33, na watu hunitolea hizo kama ushahidi kwamba nasema uongo. "Si hii hapa, dada? *Ukumbusho*!" Ndiyo, ipo, ninazo kadhaa. Soma jina. Mbaraka alikufa kwa ajali ya gari Kenya, Januari 1979. *Ukumbusho* ni mfululizo uliotolewa Kenya baada ya kifo chake, kampuni ikikusanya nyimbo zilizokuwa zimeshatoka kwenye santuri ndogo, nyimbo za miaka mbalimbali. Mkusanyo mzuri kabisa, na umewalea watu wengi. Lakini Mbaraka hakuwahi kukaa akasema baada ya wimbo huu ufuate ule. Mfuatano unaouhisi kama ni moyo wa Mbaraka ni uamuzi wa mtu wa ofisini aliyekuwa na orodha ya nyimbo na dakika za kujaza.

Haimaanishi mkusanyo haukukujenga. Ulikujenga. Ninachotaka ni ujue nani aliushika mkono wako.

Njia ya tatu, na kubwa kuliko zote, ni kanda. Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo ninapokula.

Kuanzia redio-kaseti zilipoingia majumbani, wimbo wa RTD ulitoka RTD kwa njia mbili. Ama mtu alikaa na redio, vidole viwili juu ya vitufe, akisubiri mtangazaji anyamaze. Ama alikwenda kwa mtu wa kunakili: unaandika nyimbo zako kwenye karatasi, unaacha kanda tupu, unarudi jioni. Yule wa kunakili naye alinakili kutoka kwenye kanda aliyonakili kwa mwenzake. Kanda unayoniletea wewe inaweza kuwa mjukuu wa kitukuu.

Na kila kizazi kina mwendo wake. Kwenye karatasi, kaseti inakwenda sentimita 4.76 kwa sekunde. Mtaani ilikwenda ilivyojisikia. Mkanda wa mota umelegea, inakwenda taratibu. Kapsteni, kile kipini kinachovuta utepe, imevaa uchafu, inakwenda inayumba. Betri zimechoka, hapo ndipo maajabu. Ukirekodi kwa betri zinazokwisha, mashine inazidi kupunguza mwendo huku inarekodi. Ukija kuipiga kanda hiyo kwenye mashine nzima, muziki unakimbia, na unazidi kukimbia kadiri upande unavyoendelea. Nimepokea kanda ambayo Marijani anaanza upande B akiwa Marijani, anaumaliza akiwa mtoto wa darasa la tatu.

Mteja wa kanda hiyo aliniambia sauti ya mzee ilikuwa "nyembamba ujanani". Aliisoma mtandaoni.

Tunarudishaje mwendo? Njia yangu ya kwanza ni mvumo wa umeme. Umeme wetu ni hezi 50, na kila mashine iliyochomekwa ukutani inaacha mvumo mdogo wa chini kwenye kile inachorekodi. Husikii, muziki umeufunika, lakini kwenye picha ya masafa unauona: mstari mwembamba, mnyoofu, chini kabisa, kwenye eneo la besi. Mstari ukikaa kwenye 50, mwendo ni sawa. Ukikaa kwenye 52, kanda imekimbia asilimia nne, yaani wimbo umepanda karibu theluthi mbili za nusu toni. Ukikaa kwenye 53 umepanda nusu toni nzima, na mpiga gitaa wako wa leo anayejifunza solo kwa kusikiliza atakuwa anahangaika na mkao wa vidole ambao mwenyewe hakuwahi kuupiga. Kwa kanda ya betri za kuchoka, mstari unapanda kama ngazi, na ninaunyoosha kidogo kidogo hadi ukae.

Hivyo ndivyo maelekezo ya kazi hii yanavyosema, na yanaishia hapo kwa furaha. Mimi siishii hapo, kwa sababu kanda za kwetu haziniruhusu. Kanda iliyonakiliwa mara mbili ina mivumo mitatu. Mmoja wa studio, mmoja wa mnakili wa kwanza, mmoja wa mnakili wa pili. Unyooshe upi? Ukinyoosha wa mwisho, umerekebisha kosa la mtu wa mwisho tu, ya wengine umeyaacha. Na aliyerekodi redioni kwa betri hakuacha mvumo wowote wake mwenyewe. Isitoshe, nani kakuambia umeme ule ulikuwa hezi 50 kamili? Masafa ya gridi hushuka na kupanda, jenereta ndiyo usiseme.

Basi naenda kwenye ushahidi wa pili, vyombo vyenyewe. Magitaa ya bendi yangeweza kukazwa popote, wakiamua wote kushuka wanashuka wote. Lakini tarumbeta na saksofoni haviendi mbali na pale kiwanda kilipoviweka. Kwa hiyo bendi yenye upepo, kama Mlimani Park, inanisaidia: gitaa lazima lilifuata saksofoni. Vilevile nasikiliza nyuzi zinazoachwa wazi kwenye ridhimu. Uzi ulio wazi una mlio wake, unaendelea kulia wakati ulioshikwa umeshakufa. Nikisikia uzi wazi unalia kwenye sauti ambayo gitaa halina uzi wazi, najua mwendo bado haujakaa. Bendi ya magitaa matupu inaniacha nikikisia.

Ndiyo, nimesema nikikisia. Kuna faili nimewapa watu zimeandikwa "mwendo uliorekebishwa", na nikiulizwa mahakamani kama ndivyo bendi ilivyopiga siku ile, nitaomba maji ya kunywa kwanza.

Na kuna shida kubwa zaidi, ambayo hakuna kipimo cha masafa kinachoitatua. Namrekebishia mama mmoja kanda ya marehemu mumewe. Ilikuwa inakimbia sana, karibu nusu toni. Nainyoosha, mwimbaji Bitchuka anarudi kuwa Bitchuka, besi inapata kifua. Mama anasikiliza dakika moja, anavua miwani. "Mwanangu, huu siyo wimbo wetu. Huu umelala." Miaka yote waliucheza ukiwa mbio. Walicheza harusini kwao kwa mwendo ule. Kwa sikio lake mimi ndiye niliyeiharibu kanda. Nilimpa faili mbili, iliyonyooshwa na ilivyokuja, na tangu hapo ndiyo kawaida yangu kwa kila mtu. Lakini swali la ipi ni ya kweli silijibu, na nawaonea wivu mafundi wanaolijibu haraka.

Suala la treble nalipita upesi. Kanda ikisikika imezibwa, kabla hujasema imekufa, tafuta ile skrubu ndogo pembeni ya hedi, kile kichwa cha mashine kinachosoma kanda. Kanda ilirekodiwa na hedi iliyoinama kidogo; ipigwe na hedi iliyoinama vilevile. Unageuza skrubu kwa bisibisi ya saa huku unasikiliza hadi kayamba zifunguke. Unaiinamisha mashine iifuate kanda, ukimaliza unairudisha. Wanaobana skrubu hiyo kwa gundi na kusukuma treble kwenye kompyuta, sina la kuwaambia.

Wanaosafisha, hao nina la kuwaambia.

Kuna programu za kuondoa ule mlio wa "shiii". Mnazipenda. Mnanitumia faili mmesafisha wenyewe, mnasubiri sifa. Sasa sikilizeni vizuri: kayamba, maraka na upatu wa drums vinakaa juu kule kule unakokaa "shiii". Programu haijui kipi ni Tanzania na kipi ni oksidi ya chuma, ule unga uliopakwa kwenye utepe. Inafuta vyote, na inaacha yale maji, ule mlio wa mtu anayepiga tumba ndani ya pipa. Kisha anakuja mwenzake anaitanua kuwa stirio. Rekodi za RTD za miaka ya 60 na 70 ni mono, jamani. Gitaa la solo na la ridhimu yalipangwa kwa umbali wa makrofoni, moja mbele, jingine nyuma. Ukimpeleka solo sikio la kulia na ridhimu la kushoto, umewatoa kwenye chumba kimoja walichokuwa wanatazamana. Halafu unaandika "remastered".

Na mtangazaji! "Dada, muondoe huyu anayeongea mwanzoni." Huyu anayeongea mwanzoni ndiye hati yako ya kuzaliwa. Nimewahi kuhamisha kanda ambayo kabla ya wimbo wa Juwata, ile ile NUTA Jazz kwa jina jipya, kuna sekunde chache za taarifa ya habari, vita ya Kagera, kisha saa za Afrika Mashariki, kisha wimbo. Kwa sekunde hizo najua kanda ilirekodiwa kati ya mwisho wa 1978 na katikati ya 1979, na wimbo wenyewe ulikuwa umeshafika maktaba kabla ya hapo. Jalada la mnazi na machweo limeniambia nini? Mwenye kanda alitaka nikate hapo. Nilikata kwenye nakala yake, kwangu nimeiacha nzima.

Sasa msije mkasema dada huyu anadai Waswahili hawana albamu. Zipo, na mbili kati yake zimenijenga kweli.

*Songs for the Poor Man* ya Remmy Ongala na Super Matimila ni albamu kwa kila maana. Ilitoka 1989, kampuni ya Real World, Uingereza, imerekodiwa studio ya kule ikiwa albamu tangu siku ya kwanza: nyimbo zimechaguliwa zikae pamoja, magitaa yametenganishwa vizuri, kila kipigo kina nafasi yake. Niliisikia baada ya kuwa nimemzoea Remmy wa kanda, na ilinishtua. Kwa mara ya kwanza nilisikia magitaa matatu ya Matimila kama magitaa matatu. Kwenye kanda yalikuwa mvua moja. Ndipo nilipoelewa kwamba kuna mtu kazi yake ni kuamua nani asikike wapi, na nikaitaka kazi hiyo. Hata hivyo, wazee wa Sinza wangekwambia Remmy wa pale ni Remmy aliyevaa suti kwenda ugenini: nyimbo zimefupishwa, chemko limebanwa. Wana hoja. Remmy huyohuyo ndiye wa "Mambo kwa Soksi", wimbo wa kondomu ambao RTD ilikataa kuupiga, na ambao nchi nzima iliujua bila RTD. Uliipitaje? Kwa kanda, za kunakili.

Ya pili ni *Machozi, Jasho na Damu* ya Profesa Jay, 2001. Hapa tayari dunia ni nyingine. Kuna studio binafsi, kuna mtayarishaji P-Funk, kuna wasambazaji Kariakoo, kaseti inauzwa na jalada lake dukani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, iliyoleta COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki, ndiyo kwanza inaanza kutambaa. Na msanii amewaza kanda nzima. "Ndio Mzee" kila mtu aliijua kwa redio, mgombea anaahidi mbingu na ardhi na umati unaitikia, lakini ukiisikiliza ndani ya kanda, katikati ya nyimbo nyingine za kazi na shida, kicheko kinakukaa kooni. Nilikuwa naiacha ipige upande mzima. Kuruka wimbo kwenye kaseti ilikuwa kazi, na uvivu huo ulitufundisha usikilizaji ambao wenye simu leo wanaulipia kozi.

Wakongo walikuwa na utaratibu wao: "Mario" ya Franco, 1985, inatandaza wimbo mmoja kwenye santuri kubwa hadi uchoke wewe, na tukaipokea kwa kanda kama kawaida. Taarabu nayo ina historia ya kubanwa kuanzia mwanzo. Siti binti Saad alipokwenda Bombay 1928 kurekodi kwa ajili ya kampuni ya santuri ya HMV, santuri za mizunguko 78 zilimpa dakika tatu na kitu kwa upande, wakati wimbo wake ukumbini haukuwa na haraka hiyo. Miaka ya 90 kaseti ikawalipa fidia: vikundi vya TOT na Muungano vikawa vinatoa kanda zenye nyimbo chache ndefu, mipasho ikajibiwa kwa mipasho, na ukikosa kanda ya mwezi huu huelewi anayesemwa ni nani.

Mimi mwenyewe nikilazimishwa kwenye ule mchezo wa kumi, namba moja ni kanda ya baba, TDK ya dakika 90, imeandikwa kwa kalamu ya bluu "Mchanganyiko". Alinakilishiwa Kariakoo. Upande A unaanza na "Neema" ya Mlimani Park na Chidumule anaomboleza, unakwenda kwa Marijani, unapitia bendi ya Maquis, unarudi Mlimani. Wimbo wa mwisho wa upande huo umekatika. Dakika 45 ziliisha, mnakili hakujali, mwimbaji anakatwa katikati ya neno, halafu "klak". Nilikua nikijua wimbo ule unaishia pale. Tulikuwa tukiuimba nyumbani tunaukatia palepale, wote kwa pamoja, na kucheka. Nilipokuja kuupata mzima nikiwa kazini, kuna zaidi ya dakika mbili mbele, chemko lote, solo tamu kuliko yote aliyowahi kupiga yule mpiga gitaa. Niliusikiliza kama ninasikiliza wimbo wa jirani.

Ni nani aliyetunga kitu kilichonijenga pale? Chidumule, Marijani, ndiyo. Lakini na yule mnakili, aliyeona "Neema" ifungue, aliyeweka huzuni mbili mfululizo halafu akakupa pumzi, aliyeishiwa utepe. Simjui hata jina. Alikuwa na sikio kuliko wengi wanaopanga nyimbo mtandaoni leo.

Na hapa ndipo sina raha, na sitaki kulipamba. Kanda ile haikumpa Marijani senti. Baba alimlipa mnakili, mnakili alinunua kanda tupu nyingine. Wanamuziki waliotulea walizeeka wakiwa na majina makubwa na mifuko mitupu, na kila ninapoisifu kanda ya kunakili nasifu na hiyo biashara. Wenzangu wengine wana jibu, kwamba bila wanakili nyimbo zingefia maktaba. Huenda. Mwanamuziki mmoja mzee niliyempelekea jibu hilo aliniangalia tu, akaagiza chai, akaniachia mimi nilipe. Nililipa.

Kwa hiyo ukija kwangu, njoo hivi. Lete kanda yenyewe, usiniletee "mfano". Lete na jalada lake hata kama limeliwa na mende, maana mwandiko wa nyuma una thamani kuliko unavyodhani. Usiirudishe nyuma nyumbani kwa kalamu wala kwa mashine ya kaka yako. Kama ina ukungu, utausambaza, acha nianze mimi. Niambie nani aliirekodi, wapi, na kwa mashine ya umeme au ya betri kama kuna anayekumbuka. Kama kuna wimbo umekatika, niambie unautaka mzima au unautaka ulivyokatika, maana ni kazi mbili tofauti. Utapata faili mbili, ya kunyooshwa na ya ilivyokuja. Mtangazaji hatoki bila maandishi. Na bei ni ileile, iwe albamu au isiwe.